"Pilipili Usiyoila Yakuwashiani?": Kazi na Filamu Bora za Humphrey Bogart (1899-1957)

Utangulizi

Katikati ya mwaka 1951 kundi la wasanii na mafundi wa sinema kutoka Uingereza na Marekani liliwasili Stanleyville, mji ambao leo unaitwa Kisangani. Kutoka huko walisafiri kwa gari la moshi hadi Ponthierville, yaani Ubundu ya sasa, kisha wakaingia msituni hata wakafika katika kambi iliyojengwa kwa ajili yao karibu na Biondo, kando ya mto Ruiki unaomimina maji yake katika Lualaba. Miongoni mwao alikuwamo mwanamume wa miaka 51, mfupi kidogo, mwenye uso wa makunyanzi na sauti ya kukwaruza, ambaye hakuificha chuki yake kwa joto, mbu na chakula cha kambini. Mtu huyo alikuwa Humphrey Bogart, mmoja wa nyota wakubwa wa Hollywood. Filamu aliyokuja kuigiza, The African Queen, ndiyo iliyompatia tuzo ya Oscar, ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake.

Makala haya yanafuata safari ya mwigizaji huyo tangu jukwaa la New York hadi mto Ruiki, na kupima zile filamu zake zinazohesabiwa kuwa bora. Wataalamu wengi wamesifu uso wake, sauti yake na namna yake ya kushika sigara. Sifa hizo ni za kweli, lakini hazitoshi kueleza kwa nini filamu hizo zingali zinatazamwa. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba filamu bora za Bogart zinasimulia kisa kimoja chenye sura nyingi: kisa cha mtu anayeishi kwa methali isemayo "pilipili usiyoila yakuwashiani?", ambaye mwishowe hulazimika kutambua kwamba pilipili ile inamwasha naye pia. Kisa hicho kinafaa kusomwa na watu wa Kongo kwa makini ya pekee, kwa kuwa filamu iliyomletea Bogart heshima kubwa ilipigwa katika ardhi yao, na haikuwatazama.

1. Miaka ya kungoja (1899-1940)

Bogart alizaliwa mjini New York tarehe 25 Desemba 1899, katika nyumba yenye mali na heshima. Baba yake, Belmont DeForest Bogart, alikuwa daktari wa upasuaji. Mama yake, Maud Humphrey, alikuwa mchoraji aliyejulikana sana kwa picha zake za watoto. Wazazi walimtarajia awe msomi, lakini shule ya Phillips Academy ya Andover ilimfukuza mwaka 1918, naye akajiunga na jeshi la wanamaji vita vikiwa vinakaribia kwisha.

Katika miaka ya 1920 aliingia katika kazi ya jukwaani. Huko alipewa nafasi za vijana wa kitajiri waliovaa vizuri, wasio na shida wala kazi, katika michezo ya kuchekesha. Alipokwenda Hollywood mwaka 1930 alitokea katika Up the River ya John Ford, pamoja na Spencer Tracy, ambaye naye alikuwa anaanza. Hata hivyo hakupata jina, akarudi New York mikono mitupu.

Mlango ulifunguka mwaka 1935, alipopewa nafasi ya Duke Mantee, jambazi mtoro, katika tamthilia The Petrified Forest. Kampuni ya Warner Bros. iliponunua haki ya kuifanya filamu, ilikusudia kumpa nafasi hiyo Edward G. Robinson. Leslie Howard, nyota wa tamthilia hiyo, alikataa: alisema wazi kwamba bila Bogart na yeye hatakuwamo. Filamu ikatoka mwaka 1936 na Bogart ndani yake. Hakuisahau fadhila hiyo. Howard alikufa mwaka 1943 ndege aliyosafiria ilipotunguliwa na Wajerumani, na Bogart alipopata binti mwaka 1952 alimwita Leslie.

Lakini fadhila ya rafiki haikuvunja utaratibu wa kampuni. Katika siku hizo mwigizaji wa Hollywood alifungwa kwa mkataba wa miaka kadhaa, akalipwa kwa juma, na kupangiwa kazi na wakubwa wake; akikataa nafasi aliyopewa, alisimamishwa bila malipo. Baina ya mwaka 1936 na 1940 Bogart aliigiza katika filamu zaidi ya 20. Katika nyingi alikuwa jambazi wa pili au wa tatu, aliyepigwa risasi kabla ya mwisho na James Cagney au Edward G. Robinson. Angels with Dirty Faces ya mwaka 1938 na The Roaring Twenties ya mwaka 1939 ni mifano inayokumbukwa. Mtu mwingine angeliiona miaka hiyo kuwa ya kupotea bure. Kwa kweli ndiyo iliyomfunza kuigiza kwa uchache: kusimama kimya, kusikiliza, na kuyaacha macho yaseme kabla ya kinywa.

2. Mwaka 1941: jambazi na mpelelezi

Bogart alikuwa na umri wa miaka 41 mabadiliko yalipokuja, tena yalikuja kwa sababu ya makosa ya wengine. George Raft, nyota aliyempita kwa jina, alikataa nafasi ya Roy Earle katika High Sierra. Bogart akaichukua. Earle ni jambazi aliyetoka gerezani, mzee kabla ya wakati wake, ambaye katikati ya mipango ya wizi anajishughulisha na msichana mwenye mguu mbovu ili apate matibabu. Kwa mara ya kwanza watazamaji walimwona mwovu wa Bogart akiwa na moyo, na kifo chake milimani kiliwahuzunisha.

Mwaka uo huo Raft alikataa kazi nyingine, kwa kuwa mwongozaji wake alikuwa hajawahi kuongoza filamu. Mwongozaji huyo alikuwa John Huston, na filamu ilikuwa The Maltese Falcon, iliyotokana na riwaya ya Dashiell Hammett ya mwaka 1930. Bogart aliigiza mpelelezi Sam Spade, anayejikuta kati ya watu wanaouana kwa ajili ya sanamu ya kipanga inayodhaniwa kuwa imejaa vito. Mwishoni sanamu inaonekana kuwa ya bandia. Thamani ya filamu haimo katika sanamu hiyo, bali katika uamuzi wa Spade. Mwanamke anayempenda ndiye aliyemuua mshirika wake wa kazi. Spade hakumpenda mshirika huyo, wala hakumheshimu. Hata hivyo anamtoa mwanamke kwa polisi, kwa sababu mtu akiuliwa mwenzake hana budi kufanya jambo. Anayetamka hayo anatetemeka; si shujaa anayefurahia haki, ni mtu anayejikata nyama yake mwenyewe. Hapo ndipo mhusika wa Bogart alipozaliwa kamili.

3. Casablanca na njia ya Brazzaville

Filamu iliyoupeleka uso wake ulimwenguni kote ni Casablanca, iliyoongozwa na Michael Curtiz. Ilitokana na tamthilia ambayo ilikuwa bado haijachezwa jukwaani, ikapigwa katika studio za Burbank, California, kati ya Mei na Agosti 1942. Ilionyeshwa kwanza New York mwezi wa Novemba, majeshi ya Marekani na Uingereza yakiwa yametua Afrika ya Kaskazini siku chache kabla, ikasambazwa nchini Januari 1943, mwezi ambao Roosevelt na Churchill walikutana katika mji wenyewe wa Casablanca. Mwaka 1944 ilipewa tuzo za Oscar za filamu bora, uongozaji na mswada.

Rick Blaine, Mmarekani mwenye mkahawa na kamari, anatangaza kwamba hatajiweka hatarini kwa ajili ya mtu yeyote. Wakimbizi wa Ulaya wanauza vito vyao ili wapate hati za kusafiri. Yeye anawatazama akivuta sigara. Lakini filamu inatudokezea mapema kwamba ubaridi huo ni kovu tu. Rick aliwahi kuwapelekea silaha Wahabeshi waliposhambuliwa na Italia mwaka 1935, na alipigana Hispania mwaka 1936 upande wa Jamhuri. Ilsa, mwanamke aliyemwacha Paris, anapotokea mkahawani pamoja na mumewe mpigania uhuru, kovu linafunguka. Mwishoni Rick anazo hati mbili na anaye mwanamke aliye tayari kubaki naye; anawapa wengine hati zote mbili na kubaki mikono mitupu.

Nguvu ya filamu hii ilitokana pia na waliokuwa wakiigiza. Wengi wa wasanii waliomzunguka Bogart walikuwa wakimbizi kweli: Conrad Veidt, anayeigiza ofisa wa Wanazi, aliihama Ujerumani kwa kuwachukia Wanazi, Peter Lorre, Marcel Dalio na Madeleine LeBeau nao walikimbia. Mkahawa mzima unaposimama kuuzima wimbo wa Wajerumani kwa wimbo wa taifa la Ufaransa, baadhi ya machozi yanayoonekana si ya kuigiza.

Msomaji wa Kongo hatakosa kutambua jambo jingine. Katika maneno ya mwisho ya filamu Kapteni Renault anamshauri Rick watoroke pamoja hadi Brazzaville. Hili halikuwa jina la kupamba tu. Tangu Oktoba 1940 mji huo, unaotazamana na Kinshasa ng'ambo ya mto, ulikuwa makao makuu ya Ufaransa Huru ya Jenerali de Gaulle. Ulifikia hadhi hiyo kwanza kabisa kwa sababu Félix Éboué, Mweusi mzaliwa wa Guyane aliyekuwa gavana wa Chad, alikataa mwezi wa Agosti mwaka huo kuitii serikali ya Vichy. Waliotoka Chad wakaiteka Kufra mwaka 1941 walikuwa kwa wingi askari wa Kiafrika. Kwa hiyo Rick anapoacha kusema "hainihusu", mahali panapomngoja ni penye Waafrika waliokuwa wamekwisha kusema hivyo zaidi ya mwaka mmoja kabla yake.

Filamu yenyewe haielezi hayo. Wamoroko, ambao nchi ni yao, wamo humo kama mabawabu na wachuuzi. Mweusi pekee mwenye jina na heshima ni Sam, mpiga piano, aliyeigizwa na Dooley Wilson. Kwa viwango vya Hollywood ya 1942 hiyo ilikuwa hatua: Sam ni rafiki, na Rick anapoombwa amwuze kwa mkahawa mwingine anajibu kwamba yeye hafanyi biashara ya watu. Hatua kubwa zaidi ilipigwa mwaka uliofuata katika Sahara ya Zoltan Korda. Humo Bogart ni sajini wa kifaru kilichopotea katika jangwa la Libya, na mwenzake ni sajini Tambul, Msudani, aliyeigizwa na Rex Ingram. Tambul ndiye ajuaye kisima kilipo, ndiye anayeshuka kukinga maji tone kwa tone, na ndiye anayekufa akimzuia adui asitoroke na siri yao. Ni nadra kumkuta Mwafrika wa namna hiyo katika filamu za wakati huo.

4. Mtu wa filamu na mtu wa kweli (1944-1950)

Mwaka 1944, katika To Have and Have Not ya Howard Hawks, Bogart alikutana na Lauren Bacall, msichana wa miaka 19 aliyekuwa akiigiza kwa mara ya kwanza. Walioana tarehe 21 Mei 1945, wakaigiza tena pamoja katika The Big Sleep ya mwaka 1946. Ya kwanza inarudia kisa cha Casablanca katika kisiwa cha Martinique. Ya pili ina fumbo la mauaji lililotatanika hata baadhi ya watazamaji hukata tamaa ya kulifumbua. Haidhuru: uhai wa filamu hizo umo katika mazungumzo ya wawili hao, wanaojibizana kama wacheza ngoma za mafumbo, kila mmoja akingoja mwenzake akosee.

Kisha maisha yenyewe yakamwekea Bogart swali ambalo filamu zake zilikuwa zikiliuliza. Mwezi wa Oktoba 1947 kamati ya Bunge la Marekani iliyochunguza kile ilichokiita shughuli dhidi ya taifa iliwaita watu wa sinema Washington, waseme kama walikuwa wakomunisti. Bogart, Bacall, Huston na wengine walipanda ndege kwenda kutetea uhuru wa maoni. Kwa siku chache ilionekana kwamba Rick Blaine ametoka ndani ya filamu. Lakini mashahidi kumi walipokataa kujibu na kushtakiwa, magazeti yakageuka na wakubwa wa studio wakaogopa. Mwanzoni mwa mwaka 1948 Bogart alitoa makala katika jarida la sinema akieleza kwamba yeye si mkomunisti, na kwamba safari ile haikuwa ya busara. Wale kumi walifungwa, na wengi wakakosa kazi kwa miaka.

Si haki kumhukumu kwa ukali mtu aliyetishiwa mkate wake. Wala si haki kulificha jambo hilo, kwa kuwa linatufunza tofauti ya msanii na mhusika wake: kwenye skrini uamuzi hufanywa mara moja na muziki ukaanza, katika maisha hulazimika kurudiwa kila asubuhi.

Huenda si kwa bahati kwamba filamu mbili kali zilizofuata zinamwonyesha mtu anayeshindwa mtihani. The Treasure of the Sierra Madre ya Huston, iliyotoka mwaka 1948 na kupigwa kwa sehemu kubwa Mexico, inamhusu Fred Dobbs, maskini anayechimba dhahabu na wenzake wawili. Dhahabu inapoongezeka, akili yake inapungua; anawashuku wenzake, anajaribu kumwua mmoja, naye anauawa na wezi wasiojua hata alichobeba. Vumbi la dhahabu linapeperushwa na upepo kurudi mlimani. Ilimpasa nyota awe na ujasiri mwingi kukubali kuonekana mchafu, mwoga na mwenye wazimu. Katika In a Lonely Place ya Nicholas Ray, ya mwaka 1950, yeye ni mwandishi anayeshukiwa kuua. Hakuua, lakini ukali wake unamtisha mwanamke anayempenda hata mapenzi yanakufa. Wahakiki kadhaa huihesabu kazi hii kuwa ya ndani kabisa kati ya zote alizofanya.

5. Ruiki, 1951: mwigizaji na mto

The African Queen ilitokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Hadithi inaanza mwaka 1914 katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Rose Sayer, dada wa mmisionari wa Kiingereza aliyekufa, na Charlie Allnut, fundi mlevi mwenye mashua kuukuu ya mvuke, wanateremka mto wa hatari ili wakalizamishe meli ya kivita ya Wajerumani ziwani. Katika riwaya Allnut ni Mwingereza wa mitaa ya London. Kwa kuwa Bogart hakuiweza lafudhi hiyo, aligeuzwa kuwa Mkanada. Mto unaitwa Ulanga. Jina ni la kweli, la mto wa Tanzania. Lakini maji ya Ulanga halisi huenda katika Rufiji na Bahari ya Hindi, si katika ziwa lolote.

Huston alitaka Afrika halisi, si ya kupakwa rangi studioni. Baada ya Ruiki kundi lilihamia Uganda, katika Butiaba kwenye ziwa Albert na karibu na maporomoko ya Murchison, na sehemu nyingine zikapigwa London. Kamera za rangi za wakati huo zilikuwa nzito mno, na ilibidi zisafirishwe majini pamoja na taa na mitambo ya umeme. Mashua ilizama, ikabidi ivutwe juu. Siafu waliivamia kambi. Maji yaliwaugusha wengi, akiwamo Katharine Hepburn. Bogart na Huston hawakuugua, nao walipenda kudai kwamba wiski ndiyo iliyowakinga.

Katika mazingira hayo Bogart alifanya kazi yenye furaha kuliko zote alizozifanya. Charlie Allnut ni yule yule mtu asiyejihusisha, ila sasa amevuliwa suti na bastola. Vita vya wafalme wa Ulaya havimhusu. Anataka kujificha kwenye kisiwa na chupa zake hadi viishe. Rose anamwaga pombe yote mtoni. Polepole mlevi anageuka kuwa fundi hodari, mpenzi mwenye haya na mtu anayeweza kufa kwa ajili ya jambo. Bogart anaigiza kiboko na nyani ili amchekeshe mwanamke. Anatetemeka kwa kuchukia ruba, kisha anarudi majini walimo ruba hao kwa sababu mashua haitasogea isipovutwa. Mwezi wa Machi 1952 alipewa Oscar, akiwashinda wengine pamoja na Marlon Brando kijana.

Ni lazima hata hivyo kuuliza filamu hiyo ilimtazama nani. Mwanzoni wanakijiji wanaonekana kanisani wakiimba wimbo wa dini wasioujua maneno, na mtazamaji anaalikwa acheke. Kisha Wajerumani wanachoma nyumba zao na kuwachukua wanaume. Wanapelekwa wapi, hatuambiwi. Tangu hapo hadithi ni ya Wazungu wawili, na Waafrika wanaobaki ni askari wanaofyatua risasi kutoka ngomeni. Orodha ya wasanii haitaji jina hata moja la Mkongomani.

Historia iliyo nyuma ya riwaya inafanya kimya hicho kiwe kizito zaidi. Meli ya Wajerumani ina asili yake katika Graf von Götzen, iliyosafirishwa vipande vipande hadi Kigoma na kuteremshwa katika ziwa Tanganyika mwaka 1915. Ili kuwapokonya Wajerumani ziwa hilo, Waingereza walileta mashua mbili ndogo za kivita, Mimi na Toutou, zilizofika Cape Town kwa meli na Fungurume, katika Katanga, kwa reli. Kutoka hapo zilivutwa kupita milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa maksai na kwa mikono ya watu waliofyeka njia na kujenga madaraja. Zikashuka Lualaba kutoka Bukama hadi Kabalo, na mwishowe zikafika kwa reli Lukuga, palipo Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Götzen haikuzamishwa na shujaa yeyote: Wajerumani wenyewe waliilaza majini karibu na Kigoma mwezi wa Julai 1916. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na kuanzia mwaka 1927 ikawahudumia watu wa ziwa kwa jina la Liemba.

Kwa hiyo safari halisi haikuwa ya mashua moja yenye Wazungu wawili. Ilikuwa ya mamia ya mikono ya Wakatanga. Inasimuliwa kwamba wenyeji wa Lukuga walimpa kamanda Spicer-Simson, aliyependa kuvaa sketi, jina la Bwana Chifungatumbo. Jina hilo la utani ni mojawapo ya maneno machache ya wenyeji yaliyoingia katika vitabu vya vita hivyo, nalo latosha kuonyesha kwamba waliotazamwa walikuwa wakitazama pia.

6. Miaka ya mwisho

Bogart hakupumzika. Mwaka 1953 aliigiza katika Beat the Devil ya Huston, iliyogharimiwa kwa sehemu na kampuni yake mwenyewe, Santana. Ni mzaha kuhusu walaghai wanaotaka kwenda Afrika ya Mashariki ya Kiingereza kujipatia ardhi yenye urani. Watazamaji wa wakati huo hawakuielewa. Anayekumbuka kwamba urani ya Shinkolobwe, Katanga, ilitumika kuunda mabomu ya mwaka 1945 atacheka kwa uchungu. Katika The Caine Mutiny ya mwaka 1954 alikuwa Kapteni Queeg, mkubwa anayevunjika akili mbele ya mahakama huku akizungusha vigololi vya chuma mkononi. Ulevi wa Allnut ulichekesha. Hofu ya Queeg yatia huruma. Kazi hiyo ilimfanya apendekezwe kwa Oscar kwa mara ya tatu.

Filamu yake ya mwisho, The Harder They Fall ya Mark Robson, ilitoka mwaka 1956. Eddie Willis ni mwandishi wa habari za michezo asiye na kazi, anayekubali kulipwa ili amtukuze mpiganaji wa ndondi asiyejua kupigana, ambaye mapambano yake yamenunuliwa. Kijana anapigwa vibaya, na waliomwajiri wanamnyang'anya mapato yake. Willis anampa fungu lake mwenyewe, anampeleka kupanda ndege arudi kwao, kisha anaketi mbele ya mashine ya kupiga chapa kuandika ukweli wote, ingawa ametishwa. Uso wa Bogart umekonda, alikuwa mgonjwa. Alikufa kwa saratani ya umio tarehe 14 Januari 1957, akiwa na miaka 57.

Wafaransa ndio waliotangulia kumtafakari kwa dhati. André Bazin aliandika juu yake mwaka alipokufa, na mwaka 1960 Jean-Luc Godard alimwonyesha Jean-Paul Belmondo akiitazama picha ya Bogart mlangoni pa sinema na kujipitisha kidole gumba midomoni kama yeye. Mwaka 1999 Taasisi ya Filamu ya Marekani ilimtaja wa kwanza kati ya waigizaji wanaume wa zama za kale za Hollywood.

Hitimisho

Kazi ya Bogart inaonyesha kwamba ukubwa wa mwigizaji hautokani na wingi wa nafasi zake. Alichimba shimo moja kwa kina: namna mtu aliyejeruhiwa anavyojifanya hajali, na gharama anayolipa anapoacha kujifanya. Spade alilipa kwa mapenzi, Rick kwa mapenzi na usalama, Willis kwa mkate wake. Dobbs alikataa kulipa akapotea. Bogart mwenyewe, mwaka 1947, alitoa arubuni kisha akarudi nyuma.

Somo hilo linaigeukia pia filamu ya Ruiki na wale wanaoisoma leo. Huston, Hepburn na Bacall waliandika kumbukumbu zao za safari hiyo. Peter Viertel aliitungia riwaya mwaka 1953. Katika maandishi hayo watu wa Ruiki ni wabeba mizigo, wapishi na wapiga makasia. Waliojenga kambi, walioivuta mashua na walioimba katika lile kanisa la kuigiza walikuwa na majina, na jioni walirudi nyumbani kusimulia waliyoyaona. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati ule amepita miaka themanini. Masimulizi hayo, kama yangalipo Ubundu na Biondo, yamo vinywani mwa wazee wachache na katika kumbukumbu za watoto wao, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za huko.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kusema kwamba sinema ya Marekani ni mambo ya Wamarekani. Allnut naye alisema hivyo juu ya vita, mpaka moshi wa kijiji ulipompanda puani. Kuyakusanya majina ya watu wa Ruiki kabla hayajazikwa ni kazi ambayo haihitaji kamera nzito wala mitambo ya umeme. Yahitaji daftari, subira na mtu asiyeuliza pilipili hiyo inamwashia nini.